Femwea ni nini, na kwa nini sprinkla zinagoma baada ya apdeti

Femwea ni ile programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe, sio aplikesheni iliyoko kwenye simu yako. Kontrola ya sprinkla (vile vinyunyizio vya maji vya bustani) ni kompyuta ndogo tu, ina chipu, memori, saa, na swichi moja kwa kila zoni, yaani kila sehemu ya bustani inayomwagiliwa kwa pamoja, inayopeleka umeme kwenye vali, ile koki inayofunguka kwa umeme, na femwea ndo inayoamua swichi ipi iwake saa ngapi na kwa dakika ngapi. Apdeti inabadilisha hiyo programu, basi. Haigusi bomba wala waya, lakini maji yasipotoka asubuhi utaona mtu kashika jembe anafukua bustani nzima kutafuta bomba lililopasuka!

Ndani ya memori kuna vitu viwili tofauti, femwea yenyewe na setingi zako (ratiba, saa, zoni). Apdeti nzuri inabadilisha cha kwanza na kukiacha cha pili salama. Ila wakati mwingine femwea mpya inahifadhi setingi kwa mpangilio mwingine, zile za zamani haizielewi, kwa hiyo inarudisha za kiwandani kimyakimya bila kukwambia. Matatizo mengi ya baada ya apdeti yanaanzia hapa, kifaa hakijafa, kimesahau tu.

Saa ndo ya kuangalia kwanza. Kontrola ikirudi kwenye UTC (saa ya dunia ya kulinganishia) na wewe uko UTC+3, yaani masaa matatu mbele yake kama Afrika Mashariki, ratiba ya saa 11 alfajiri itaanza saa 2 asubuhi jua limeshatoka, kwa hiyo ukiona maji yanachelewa au kuwahi kwa masaa kamili usitafute mchawi, rekebisha saa za eneo. Halafu kuna asilimia ya msimu, ile inayoongeza au kupunguza muda wa zoni zote kwa mpigo, kawaida iwe 100, ikishuka hadi 10 zoni ya dakika 20 inamwagilia dakika 2 na wewe unalaumu presha ya maji. Kama zoni zinarudia mara mbili angalia muda wa kuanza, kwenye kontrola nyingi muda huo ni wa ratiba nzima sio wa zoni moja, zoni zinafuatana zenyewe, ukikuta umewekwa mara mbili basi mzunguko wote unarudiwa. Na senso ya mvua nayo, kama huna senso na setingi yake imewashwa, kontrola inaweza kuamini mvua inanyesha kila siku mpaka nyasi zikauke.

Sasa utajuaje kama ni femwea au ni kitu kingine? Washa zoni moja kwa mkono, kwa vitufe vya kontrola yenyewe kama inavyo, usitumie simu. Maji yakitoka, vali na waya za zoni hiyo ziko sawa, rudi kwenye setingi. Yasipotoka chukua testa, weka kwenye volti za AC (sio DC, hapa wengi wanachemka) upime kati ya skrubu ya zoni hiyo na ile ya waya wa pamoja (ule mmoja unaotumiwa na zoni zote, mara nyingi umeandikwa C au COM) wakati zoni imewashwa. Ukipata 24 mpaka 28 hivi, kontrola imefanya kazi yake, tatizo liko huko nje, labda waya umekatika au koili ya vali (waya uliozungushwa ndani yake unaoifungua) imeungua, au mtu kafunga koki kubwa. Hapo apdeti inasingiziwa bure. Ukitaka uhakika zima umeme, chomoa waya wa zoni upime ohm (ukinzani) kati yake na ule wa pamoja, koili nzima kwa kawaida inasoma kati ya 20 na 60, ikisoma karibu na sifuri kuna shoti, isiposoma kitu kuna mkato.

Aplikesheni kusema kifaa hakipo hewani ni kesi nyingine kabisa. Kontrola nyingi zinashika waifai ya masafa ya 2.4 GHz peke yake, sio ya 5 GHz, na nyingi zinaendelea na ratiba iliyomo ndani hata intaneti ikikatika, kwa hiyo usikimbilie kufuta kila kitu.

Maana kuwasha upya na kuriseti ni vitu tofauti. Kuwasha upya ni kuchomoa umeme kama dakika moja (na betri kama ipo) halafu kurudisha, setingi kawaida zinabaki, anza na hiyo. Kuriseti kiwandani kunafuta ratiba, majina ya zoni, waifai, vyote, kwa hiyo kabla hujabonyeza piga picha kila ukurasa wa setingi. Na usichomoe umeme wakati apdeti inaendelea hata kama taa inapepesa muda mrefu, femwea iliyoandikwa nusu inaweza kukiacha kifaa kisiwake tena. Baadhi zinaweka nakala mbili ili zirudi kwenye ya zamani ikishindikana, lakini sio zote, na ya kwako huwezi kujua kwa kuitazama tu.