Vermagic: muhuri unaoizuia piloti ya modemu

Jirani mmoja wa Himbi, mtaa wa Goma, aliniletea laptopu yake jioni, umeme ukiwa ndio kwanza umerudi. Modemu imechomekwa, taa yake inawaka, lakini kila akijaribu kupakia piloti kwa amri ya insmod anajibiwa "Invalid module format", yaani muundo wa moduli haufai. Alikuwa karibu kuitupa modemu, na modemu haikuwa na kosa lolote.

Piloti, au draiva kama wanavyosema wenzetu wa Nairobi, ni programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Kwenye Linux huwa ni moduli: faili la .ko linaloingizwa ndani ya kaneli, kiini cha mfumo, mashini ikiwa inafanya kazi. Likishaingia, hakuna ukuta kati yake na kaneli. Kumbukumbu ni moja. Ndiyo maana moduli hukaguliwa mlangoni. Inabeba muhuri uitwao vermagic, wenye namba ya kaneli iliyojengewa na baadhi ya mipangilio yake. Kaneli za mwanzo za 2.6, miaka ya 2004 hivi, ziliandika humo hata namba ya kompaila, yaani gcc. Moduli ya gcc-3.4 ikienda kwa kaneli ya gcc-3.3, ilirudishwa.

Kompaila inahusikaje? Ndiyo inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashini, na mipangilio yake ndiyo inayoamua kila kitu kikae wapi kwenye kumbukumbu. Chukua chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo: fremu imechongwa na fundi mmoja, gurudumu na mwingine mwenye kipimo chake. Ukiligonga kwa nyundo litaingia, na barabarani tambarare litazunguka vizuri. Teremka nalo kutoka Kibumba, kule juu ya Goma, na magunia ya viazi ndipo utaona. Nyundo hiyo kwenye Linux ni modprobe --force. Mimi siigusi, maana kaneli ikianguka inaangusha mashini nzima.

Amri tatu zilitosha kuona tatizo. modinfo -F vermagic ilionyesha kuwa moduli ilijengewa kaneli 5.15. uname -r ikasema inayotumika sasa ni 6.5, maana Ubuntu 22.04 yake, aina ya Linux anayotumia, ilikuwa imejisasisha. Dawa ni kuijenga upya moduli, ukiwa na linux-headers (mafaili ya kujengea moduli) za kaneli hiyo hiyo. Tukaandika make, amri ya kujenga, tukagonga ukuta wa pili: gcc haikutambua chaguo -ftrivial-auto-var-init=zero. Amri ya tatu, cat /proc/version, ikafumbua fumbo: kaneli ilijengwa kwa gcc 12, na Ubuntu hiyo huja na gcc 11, ambayo chaguo hilo hailijui kabisa. Kwa hiyo unasakinisha gcc-12, unafuta mabaki kwa make clean, kisha make CC=gcc-12.

Hayo yote yanawezekana ukiwa na msimbo. Modemu nyingi za zamani za ndani ya kompyuta zilikuja na piloti nusu-nusu: ganda la msimbo unaojijengea mwenyewe, na ndani yake kipande kilichokwisha kupikwa kiwandani. Hicho hukipiki upya. Unatafuta kaneli ya enzi yake au unaachana nayo.

Lakini gcc-12 unaitoa wapi, na modemu ndiyo haifanyi kazi? Tuliunga simu yangu kwa waya wa USB. Piloti ya njia hiyo huja pamoja na kaneli yenyewe. Mega zangu za intaneti ziliisha usiku huo huo, na jirani bado hajanirudishia.