Ofisa uvuvi akisimamisha mtumbwi wako, mamlaka yake yanaishia wapi?

Katika Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, wapo wavuvi wanaokimbia boti ya doria ilhali leseni zao ni halali. Wanakimbia kwa kutojua ofisa anaruhusiwa kufanya nini. Kukimbia na mtumbwi uliosheheni nyavu ni hatari kuliko ukaguzi wenyewe, ndiyo maana nasema: simama.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 imempa ofisa aliyeidhinishwa mamlaka mapana. Anaweza kusimamisha chombo, kukipanda, kudai leseni, kupekua, kukagua zana na samaki. Akiona kosa, anaweza kushikilia zana, samaki na hata chombo chenyewe. Kumzuia asifanye kazi hiyo ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Nawe una haki ya kumwomba kitambulisho, kwa lugha ya staha.

Ugomvi mwingi huanzia kwenye nyavu. Wavu ukidaiwa kuwa na matundu madogo, taka upimwe mbele yako: tundu livutwe mpaka nyuzi zikutane, kisha rula iwekwe kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili. Yapimwe matundu kadhaa, sehemu mbalimbali za wavu, maana tundu moja lililojivuta halisemi habari ya wavu mzima. Timba, kokoro na sumu, njia za uvuvi zilizopigwa marufuku, ni suala jingine kabisa. Hizo hazina mjadala wa inchi.

Kitu kikichukuliwa, dai hati ya ukamataji. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka stakabadhi ya vitu vilivyokamatwa, yenye saini ya aliyepekuliwa na ya mashahidi. Soma kabla ya kusaini. Kama zimechukuliwa nyavu sita na karatasi inasema nne, sema palepale. Karatasi hiyo inamlinda pia ofisa, kwani bila hiyo kesi yake hulegea mahakamani.

Huko baharini utaratibu una uzito uleule. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kifungu cha 73, unairuhusu nchi ya pwani kupanda, kukagua na kukamata meli ya kigeni ndani ya ukanda wake wa uchumi, hadi maili 200 za baharini. Lakini dhamana ya kuridhisha ikiwekwa, meli na mabaharia waachiwe haraka, na nchi yenye bendera ya meli iarifiwe. Wengi tunaikumbuka Tawariq 1, meli ya uvuvi ya kigeni iliyokamatwa mwaka 2009 na samaki wake kugawiwa taasisi mbalimbali. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliifuta hukumu kwa sababu kesi ilifunguliwa bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Jasho lote la doria lilipotelea kwenye hatua moja iliyorukwa.

Kosa linaweza pia kufifilishwa, yaani ulipe faini bila kwenda mahakamani, lakini kwa hiari yako na baada ya kukiri kwa maandishi. Malipo hupitia kumbukumbu namba ya Serikali, na unapewa risiti. Anayetaka fedha mkononi, huko huko majini, anaomba rushwa. Andika jina lake, namba ya boti, siku na saa, kisha piga TAKUKURU 113. Simu hiyo ni bure.