Anayeomba ruhusa anajibiwaje?

Ninapoitwa kufundisha uongozi kwenye kampuni za huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, iwe kiwanda cha chai Mufindi, ghala la parachichi Njombe au ofisi ya mikopo mjini Mbeya, huanza kwa kuwauliza wafanyakazi: mara ya mwisho ulipoomba ruhusa, bosi wako alikujibuje? Majibu yao hunieleza hali ya kazini kuliko dira na dhamira zilizobandikwa ukutani.

Chukua ruhusa ya kwenda kliniki. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, viwango vya juu kuliko mikoa mingine. Kwa hiyo mwajiri wa Makambako, mkoani Njombe, mwenye watu mia moja achukulie kwamba baadhi yao wanaishi na VVU, na wala hahitaji kuwajua. Msimamizi anapouliza mbele ya wenzake, "Kliniki gani hiyo isiyoisha?", mtu huyo anabaki na njia mbili tu: adanganye kwamba ana mgonjwa nyumbani, au aache kwenda. Akikatiza dawa, virusi vinaongezeka mwilini, na mfanyakazi aliyekuwa mzima anaweza kuja kulazwa. Hasara hiyo haina sababu yoyote. Wengi ambao hali yao imetulia hupewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja, yaani safari mbili hadi nne tu kwa mwaka. Nawashauri wateja wangu waondoe kwenye fomu ya ruhusa sehemu ya kutaja ugonjwa, na wasimamizi wazoee kujibu: "Sawa, nenda. Nani atashika nafasi yako?" Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi na inalinda siri ya mgonjwa, lakini sheria haiwezi kusimama kwenye foleni ya asubuhi. Msimamizi ndiye anayesimama pale.

Msiba nao una ugumu wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtoto anapougua au kufariki, au anapofariki mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Siku hizo 4 ni za mzunguko mzima wa miezi 36, hata misiba ikifuatana. Baba mdogo aliyekusomesha hayumo kwenye orodha, shangazi hayumo. Lakini nani wa huku kwetu atabaki ofisini Mbeya wakati baba mdogo anazikwa Ludewa?

Mwajiri anaruhusiwa kuongeza siku zisizo na malipo, na watu wanaweza kubadilishana zamu au kutumia sehemu ya likizo yao ya mwaka ya siku 28. Muhimu ni kukubaliana mapema, kabla msiba haujatokea, na kwa utaratibu mmoja kwa wote. Huruma inayotegemea bosi ameamkaje, au nani anasali naye, ni upendeleo, na hakuna kinachovunja watu moyo haraka kama huo.

Michael West, mwanasaikolojia ambaye kazi yake imetumika sana katika huduma ya afya ya umma Uingereza, anaeleza uongozi wa huruma kwa mambo manne: kumsikiliza mtu, kuelewa kinachomsumbua, kuguswa nacho, kisha kumsaidia. Kuguswa hakutupi shida. Mabosi wetu wengi ni wepisi wa kutoa rambirambi. Pengo ninaloliona ni kwenye kuelewa. Jibu hutoka kabla ya swali la pili kuulizwa.

Na anayejibiwa kwa ukali kwenye shida yake hatakuletea shida ya kazi. Miaka ya 1990, Amy Edmondson wa Harvard alichunguza makosa ya dawa wodini akakuta kwamba timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alieleza kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kusema. Ndivyo ilivyo kwenye chai. Majani mabichi yakishindiliwa kwenye gunia hupata joto, huanza kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani, na ubora unaporomoka. Mchumaji ndiye wa kwanza kuhisi joto hilo mkononi. Kama jana alifokewa kwa kuomba ruhusa, leo atanyamaza, na gunia litapanda kwenye lori.

Mameneja vijana huniuliza, kwa haya kidogo, kama wamwamkie shikamoo mama mchumaji aliye chini yao. Ndiyo, mwamkie, na ungoje aitikie. Cheo chako hakipungui. Akikosea, usimwambie penye mizani mbele ya wasichana wa umri wa wajukuu zake. Mwite pembeni, mwonyeshe kosa lenyewe bila kulizungusha: majani ni makubwa mno, kipimo ni majani mawili na chipukizi. Muulize nini kimemkwamisha. Mara nyingine utasikia kwamba sehemu ya shamba aliyopangiwa haijachumwa kwa muda mrefu na majani yamekomaa, jambo ambalo ni kazi yako kulirekebisha, si yake.