Festspiele ni msimu

Kila mwezi wa saba ukikaribia kwisha naisikia tena: "Tamasha la Mozart limeanza Salzburg." Nimeisikia redioni, nimeisoma mitandaoni, na juzi nimeambiwa na mzee ninayemheshimu sana, mpenzi wa muziki wa tangu zamani. Kwake sikuweza kunyamaza. Kinachokosewa hapo ni neno moja la Kijerumani, Festspiele, ambalo ndilo jina la maonyesho hayo ya Salzburg, mji wa Austria.

Maana yake kwa kifupi: maonyesho ya opera, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa, pamoja na tamthilia na muziki wa klasiki yanayokusanywa mahali pamoja katika majira maalumu ya mwaka. Utamu umo ndani ya neno lenyewe.

Fest ni sikukuu. Spiel ni mchezo, na hapo Kijerumani na Kiswahili wamekutana bila kupanga: wa mpira ni mchezo, wa kuigiza pia ni mchezo. Ile e ya mwishoni ni ya wingi. Basi ni michezo ya sikukuu, maonyesho yaliyotengewa siku zake, watu wakafunga safari kuyafuata. Mtunzi wa opera Richard Wagner alilipa neno hili uzito mkubwa alipofungua jumba lake la maonyesho kule Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876.

Sisi tunasema tamasha, na si kosa. Neno hilo lilipita kwa Waajemi, na asili yake ya Kiarabu ni kutembea pamoja. Kutembea kukawa kutazama, kutazama kukawa kile kinachotazamwa. Lakini siku hizi ukitaja tamasha, msikilizaji anaona jukwaa uwanjani, spika kubwa, usiku mmoja, kwisha. Mimi ningechukua msimu. Limetokana na mausim ya Kiarabu, wakati ambao jambo hurudi: mavuno, hija, masoko, pepo za kuleta majahazi. Kaskazi haivumi siku moja ikatoweka. Festspiele nayo huja, hukaa, huondoka, na mji mzima huishi kwa kuifuata.

Salzburg, mji ulio kando ya mto Salzach na ambao jina lake lina maana ya ngome ya chumvi, una misimu kadhaa ya namna hii. Ule mkubwa wa majira ya joto huchukua karibu wiki sita, tangu mwishoni mwa Julai hadi mwishoni mwa Agosti, na okestra yake kuu ni Vienna Philharmonic. Wa Pasaka ni mwingine kabisa: ulianzishwa na mwongoza okestra Herbert von Karajan mwaka 1967, mwenyewe mzaliwa wa mji huo, akaja na okestra yake ya Berlin. Upo wa Pentekoste pia. Na Januari, baridi ikiwa kali, ipo Mozartwoche, yaani wiki ya Mozart, inayoandaliwa na taasisi ya Mozarteum tangu 1956, miaka 200 baada ya mtunzi huyo kuzaliwa.

Mozart alizaliwa Salzburg kweli, tarehe 27 Januari 1756, lakini mwaka 1781 aliachana na utumishi wa askofu mkuu wa mji huo akahamia Vienna. Na msimu wa majira ya joto haukuanza kwa opera yake, wala ya mtu mwingine. Ulianza tarehe 22 Agosti 1920, vita kuu ya kwanza ya dunia ikiwa imekwisha chini ya miaka miwili na himaya ya Austria imevunjika, kwa tamthilia ya Hugo von Hofmannsthal iitwayo Jedermann, yaani Kila Mtu. Max Reinhardt aliiongoza nje, mbele ya kanisa kuu. Tajiri yumo katikati ya karamu, Mauti inamjia, na sauti zinamwita kwa jina kutoka minarani na kutoka ngome iliyo juu ya mji. Mpaka leo huchezwa hapohapo. Mvua ikinyesha, huhamishiwa ndani. Opera iliingia mwaka 1922, na hapo ndipo opera za Mozart zilipopewa nafasi.

Mzee wangu nilimweleza hivi, taratibu: hilo la Mozart liko, ila ni la Januari. Hili linaloanza mwezi wa saba ni msimu wa Salzburg wa majira ya joto. Mozart yumo, pamoja na Strauss, Verdi na watunzi wengine.