BCR-ABL 0.08%: nimepona au bado?

Watu wenye CML, ile leukemia (kansa ya damu) inayokwenda taratibu, wananitumia picha za majibu yao kila mara na swali ni hilo hilo hapo juu, kwa hiyo leo naandika hapa mtu asome kwa nafasi.

CML inaanza kipande cha kromosomu ya 9 na cha 22 vikibadilishana nafasi, jeni za BCR na ABL1 zinaungana zinakuwa moja, hiyo ndo inalazimisha seli zizaliane ovyo. Kwenye kipimo hiki maabara tunatafuta RNA yake (nakala ambayo seli inatoa kutoka kwenye jeni) na sio DNA, maana kwenye DNA kila mgonjwa amekatikia pake, ila RNA kwa karibu wote inatoka kwa sura mbili tu, praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) zile zile zinatosha. Tunaigeuza iwe DNA halafu PCR inaizidisha mara mbili kila mzunguko, mashine inasoma mwanga unaoongezeka kadiri nakala zinavyoongezeka. Mwanga ukichelewa mizunguko 3.3 hivi ujue kitu kimepungua mara 10. Siku hizi kuna hadi katriji ya GeneXpert, mashine ile ile ya TB.

Sasa ile asilimia. Sio kwamba 0.08% ya damu yako ina kansa, hapana! Ni BCR-ABL1 ukigawa kwa jeni ya kulinganishia, mara nyingi ABL1, kisha inapelekwa kwenye skeli ya kimataifa ambayo 0.1% kushuka chini ndo lengo kubwa tunalolitaka. Kwa hiyo umefika pazuri, endelea na vidonge.

Kinachonisumbua mimi ni majibu ya "haikuonekana". RNA inaoza haraka, tyubu ya zambarau ikizunguka kwenye basi siku tatu na joto hili, mashine haitaona kitu hata kama ugonjwa upo. Ndo maana naangalia kwanza ABL1 imesoma nakala ngapi, chini ya 10,000 hiyo siisaini, naomba damu nyingine.

Halafu kipimo hiki hakikwambii kwa nini namba inapanda. Mabadiliko ya jeni kama T315I, ambayo imatinib (kidonge cha CML) haiyawezi kabisa, yanahitaji kusoma herufi za jeni, kipimo kingine na bei nyingine. Ila kabla ya kukiagiza muulize mgonjwa taratibu, bila kumgombeza, kama dawa anameza kila siku.