Abercorn, 25 Novemba 1918: Wajerumani walisalimu amri kwa masharti yapi?

Wanafunzi wangu huniuliza: ikiwa Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, mbona jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki liliweka silaha chini wiki mbili baadaye? Jibu la mtihani ni fupi, kwamba habari zilichelewa. Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo, alikuwa ameshaingia Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na alizipata tarehe 13 kwa sababu watu wake walimkamata tarishi wa Waingereza aliyekuwa kwenye pikipiki.

Mimi huwarudisha kwenye masharti. Rasimu ya kifungu cha 17 cha mkataba wa kusimamisha vita iliwataka Wajerumani wa huku wasalimu amri bila masharti katika muda wa mwezi mmoja. Wajumbe wa Ujerumani waliipinga, na kifungu kilichotiwa saini Compiègne, Ufaransa, kikadai waondoke tu. Hata hivyo, telegramu aliyopelekewa Lettow-Vorbeck na Jenerali van Deventer, kamanda wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki, ilishikilia dai la rasimu: asalimu amri bila masharti, awaachie mateka, aende Abercorn na kukabidhi silaha. Kwa kuthamini walivyopigana, maofisa na Wazungu wengine waliruhusiwa kubaki kwa muda na silaha zao binafsi. Askari Waafrika, ambao ndio waliokuwa jeshi lenyewe, hawakutajwa katika ruhusa hiyo.

Basi wakafika Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi: Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100 na wapagazi kama 1,500. Mbele ya bendera ya Uingereza, Lettow-Vorbeck alipiga saluti, akasoma tamko lake kwa Kijerumani, akalirudia kwa Kiingereza. Brigedia Jenerali Edwards akalipokea kwa niaba ya Mfalme George wa Tano. Schnee, gavana wa koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, naye alikuwepo. Maneno hayakuwa mengi.

Orodha ya silaha ndiyo inayosema zaidi. Mzinga mmoja, wa Kireno. Bombomu, yaani bunduki za rashasha, 37, saba tu za Kijerumani. Bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno, na risasi 208,000. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani haikuwemo hata moja! Wanaomsifu jenerali huyu kuwa hakushindwa huwa hawafiki hapa: jeshi lake lilikuwa likiishi kwa kupora, risasi kwa maadui na chakula kwa wanavijiji, ambao walibaki na njaa.

Baada ya hapo askari walipelekwa Bismarckburg, yaani Kasanga, wakavushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha kwa reli hadi kambini Tabora, huku homa ya mafua ya mwaka ule ikiwaua njiani na kambini. Mishahara yao ya miaka ilikuwa haijalipwa. Jenerali aliwaombea fedha kwa Waingereza, wakakataa, na kila askari akaondoka na hati ya kuonyesha anachodai.