The Specials: ujumbe ulikuwa kwenye mdundo wenyewe

Napiga gitaa la rithimu kwenye rege miaka mingi sasa, na kila nikikaa na vijana wanaoanza bendi swali huwa ni lile lile, eti tufanyeje tuwe na ujumbe, mashairi yawe makali kiasi gani. Nawaambia wakasikilize The Specials, bendi ya Coventry kule Uingereza, ila wasianze na maneno, waanze na mkono wa mpiga gitaa.

Wao walipiga ska, muziki wa kucheza uliotangulia rege, uliozaliwa Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 50. Utamu wake ni kwamba gitaa halilii pale mguu unapokanyaga, linalia mguu ukiinuka. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na, wewe uko kwenye hiyo "na", unachapa nyuzi na hapo hapo unalegeza vidole zinyamaze, chak! Ukizidisha sekunde kidogo tu zikaendelea kulia basi umeua kila kitu. Sasa hawa jamaa, walianza 1977, walichukua hiyo chak wakaibebesha spidi na hasira ya panki, ile roki ya fujo ya vijana wa Kiingereza, na jukwaani Lynval Golding na Neville Staple, wote wazaliwa wa Jamaika, wamesimama bega kwa bega na Mzungu Terry Hall, mwimbaji, na Mzungu mwingine, Jerry Dammers, yuko kwenye kinanda. Na hicho ni kipindi National Front, chama cha wabaguzi wa Uingereza, wanaandamana mitaani wanataka watu weusi warudishwe walikotoka, kwa hiyo kabla hata mtu hajafungua mdomo bendi imeshasema. Lebo yao ya 2 Tone, ya 1979, ilikuwa na miraba nyeusi na nyeupe, na mtu wa kuchora mwenye suti na miwani kwenye nembo yake alitokana na picha ya Peter Tosh, mwanamuziki wa rege wa Jamaika.

Haikuwa rahisi hata kidogo. Wabaguzi walikuwa wanakuja kwenye shoo hizo hizo, wanaruka na ska huku wanatafuta wa kumpiga, na bendi ikawa inasimamisha nyimbo katikati mpaka ngumi ziishe. 1980 Golding mwenyewe alishambuliwa London na wabaguzi, akaumizwa vibaya, na jibu lake likawa nyimbo ya kuwauliza kwa nini. Kwa nini tu! Hiyo naiheshimu kuliko nyimbo kibao za matusi.

Halafu ikaja nyimbo yao Ghost Town, yaani mji wa mizimu, 1981, na hapa naomba tukae kidogo. Viwanda vya magari Coventry vinapunguza watu, kumbi za muziki zinafungwa, na Dammers akiwa kwenye ziara aliona bibi vizee wa Glasgow wanauza vikombe vya nyumbani kwao barabarani. Wakarekodi kwenye studio ndogo Leamington Spa, traki nane tu. Sikiliza mwanzo, upepo, kinanda kama cha filamu ya kutisha, besi inatembea polepole, hakuna tena ile spidi ya zamani, hii sasa ni rege nzito. Katikati muziki unachangamka ghafla, kama mtu amekumbuka zamani kulivyokuwa na raha, sekunde chache tu, halafu giza linarudi, na tromboni ya mzee Rico Rodriguez, aliyekulia Kingston, inalia peke yake. Mashairi yenyewe ni machache mno. Julai ilikuwa namba moja Uingereza wakati Toxteth, mtaa wa Liverpool, na Moss Side, mtaa wa Manchester, zinawaka moto kwa ghasia.

Na hawakuishia studio. Aprili mwaka huo huo mwanafunzi mmoja mwenye asili ya Asia aliuawa na wabaguzi katikati ya Coventry, mji wao wenyewe, na ilipofika Juni wakapiga shoo ya kupinga ubaguzi uwanja wa Butts pale pale mjini. Hii ndiyo nawasisitizia sana vijana, kwamba walianza na msiba wa jirani.

Bendi ilivunjika mwaka huo, Hall, Staple na Golding wakaenda zao, lakini Dammers akaendelea kama The Special AKA. 1983 akaenda tamasha la kumuenzi Mandela Alexandra Palace, London, wakati huo hamjui vizuri, akaokota vipeperushi akasoma, na hata habari ya viatu vya gerezani vilivyombana miguu ikaingia kwenye nyimbo. Free Nelson Mandela ikatoka 1984, na ni nyimbo ya furaha kabisa, ya kucheza, yenye tarumbeta, maana ukitaka watu waimbe jina la mfungwa lazima uwape kitu wanachotamani kuimba. Ikafika namba 9. Dammers hakukaa, akaanzisha Artists Against Apartheid Uingereza, umoja wa wasanii wa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, likaja tamasha la Clapham Common, London, 1986, likaja la uwanja wa Wembley Juni 1988, na Aprili 1990, miezi miwili baada ya kutoka jela, Mandela alisimama Wembley hapo hapo kwa miguu yake.

Sisi tukiipiga hiyo Free Nelson Mandela huwa tunaianza kama wao, sauti tupu za kiitikio kwanza, hakuna chombo hata kimoja, mimi nimeshika gitaa nasubiri.